Kwa Baiskeli Hadi Miembe ya Bi Khole: Hivi Nani Aliipanda?

Jumapili moja ya Januari, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, marafiki watano walikutana chini ya maghorofa ya Michenzani, mjini Unguja, kila mmoja na baiskeli yake. Mwanamichezo hakuwepo hata mmoja. Alikuwepo fundi wa mafriji, mwalimu wa historia wa sekondari, muuguzi, kijana anayeuza makava ya simu Darajani, na dereva wa zamani wa daladala aliyeacha usukani baada ya mgongo kumgomea. Baiskeli nazo zilikuwa za kuokoteza: mbili za giya, mitumba ya Ulaya, moja ya kike yenye kikapu mbele, na Phoenix mbili, zile ngumu ambazo mtu akianguka nazo kinachoumia ni lami.

Safari yenyewe ilikuwa ya Bungi, kwenye miembe ya Bi Khole.

Kwa wasiopajua: ukitoka mjini kuelekea kusini mashariki unapita Mwanakwerekwe, unapita Jumbi, unafika Tunguu, kama kilometa 16 hivi. Ukiendelea kilometa nyingine kama sita, barabara inaingia kwenye kivuli. Miembe mikubwa imesimama kushoto na kulia, mashina yamejikunja na kujaa vinundu, matawi ya upande huu yanakwenda kushikana na ya upande wa pili juu ya lami. Jua linakatika. Ni barabara ileile inayokwenda Jozani kwenye kima punju, kisha Kitogani, Paje na Makunduchi, kwa hiyo kutwa nzima inapita mabasi ya watalii, daladala na malori. Ndani ya gari miembe hiyo inaisha kabla hujamaliza sentensi. Mtalii anainua simu, anapiga picha kupitia kioo, basi.

Kwa baiskeli ni habari nyingine. Mpanda baiskeli anakuwa ameshapigwa na jua tangu Jumbi, fulana imeganda mgongoni, na ule upepo wa kaskazi unampiga ubavuni. Anapoingia chini ya miembe ile anakisikia kivuli kwenye ngozi. Ndiyo maana dereva mstaafu, ambaye kwa miaka yake yote ya kazi aliipita barabara hiyo mara kadhaa kwa siku, alifika pale akasema, "Jamani, mimi hapa sijawahi kufika."

Swali la mtoto wa kidato cha pili

Safari iliandaliwa na mwalimu, na sababu yake ilikuwa swali. Wiki ya kwanza ya muhula alikuwa anafundisha habari za mashamba ya karafuu. Kwa kutaka kuwachangamsha wanafunzi akataja miembe ya Bi Khole, maana wengi wao wanaipita wakienda kwa babu na bibi zao kusini. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hivyo Bi Khole aliipanda mwenyewe?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akaendelea na somo. Lakini jioni, njiani kurudi nyumbani, akagundua kwamba swali hakulijibu, alilicheka tu. Akawapigia simu marafiki zake.

Pancha

Mipango ya kupita miembe yote kwa mbio moja na kwenda kunywa chai Kitogani ilikufa katikati ya kivuli. Tairi la nyuma la kijana wa makava likalia psii, na baiskeli ikaanza kuyumba. Fundi wa mafriji, ambaye kwa mujibu wake hakuna mashine inayomshinda, akaigeuza juu chini, akachomoa tyubu, akaijaza upepo. Hapakuwa na maji ya kuitumbukiza ili kuona mapovu yanatokea wapi. Akaanza kuipitisha karibu na shavu lake, pole pole, akisikiliza upepo unapotoka.

Pembeni, chini ya mwembe, kulikuwa na bibi mmoja mwenye mafungu ya maembe juu ya gunia. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni, lakini boribo zilikuwa bado zipo, na dodo chache. Muuguzi akasogea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnatoka wapi na mabaiskeli hayo?"

"Mjini bibi. Tumepata pancha. Tunaomba maji kidogo tutazame tyubu."

Bibi akatoa maji kwenye bakuli. Mapovu yakaonekana, tundu likapatikana, msasa ukapigwa, gundi ikapakwa, na wakati wanangoja gundi ishike kabla ya kubandika kiraka, mwalimu akaleta swali lake.

"Bibi, miembe hii kapanda nani?"

"Si ya Bi Khole hii."

"Kaipanda mwenyewe?"

Bibi akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mtoto wa mfalme ashike jembe? Walipanda watu."

"Watu gani?"

"Watu tu," akasema, akarudi kupanga mafungu yake.

Jina lililobaki

Bi Khole anajulikana. Alikuwa binti wa Seyyid Said bin Sultan, yule mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja na kukifanya kisiwa hiki kuwa nchi ya karafuu. Seyyid Said alifariki mwaka 1856 akiwa safarini baharini, akaacha watoto wengi na mali nyingi. Unguja ikaenda kwa mwanawe Majid. Ndugu wengine hawakuridhika, na mmoja wao, Barghash, mwaka 1859 akapanga kumpindua.

Bi Khole alikuwa upande wa Barghash, pamoja na mdogo wake, Salme, aliyekuwa na miaka 15 tu. Salme alikuwa na ujuzi mmoja ambao wanawake wa jumba la kifalme hawakufundishwa: alijua kuandika. Alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa hiyo akawa karani wa njama. Mambo yalipogundulika na nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari, dada zake wakaingia ndani, wakamfunika mavazi ya kike na kumtoa katikati yao, gizani. Alikwenda kujichimbia kwenye shamba lililoitwa Marseilles. Haikusaidia. Majid alipata msaada wa Waingereza, uasi ukazimwa, Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye alirudi, na mwaka 1870 Majid alipofariki, yeye ndiye akawa Sultani.

Salme akaja kupatana na Majid, na jambo hilo likamtenga na Khole na Barghash. Mwaka 1866 akatoroka Unguja kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, wakaoana Aden mwaka uliofuata, akaishia Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1886 kitabu cha maisha yake kikachapishwa Berlin kwa Kijerumani. Dada yake yumo ndani yake, na uzuri wake, na upendo aliopendwa na baba yao, na ugomvi wao pia.

Hapo mwalimu aliwauliza wenzake jambo dogo: tunamjua Bi Khole kwa sababu gani? Alikuwa binti wa mfalme, ndiyo. Lakini mabinti wa Seyyid Said walikuwa wengi, na wengi wao leo hakuna anayewataja. Bi Khole aliacha nyumba, akaacha barabara yenye miti, na akawa na mdogo anayejua kuandika.

Gofu na hamamu

Kiraka kilishika. Katikati ya miembe kuna njia ya vumbi inayokata upande wa magharibi, kuelekea baharini. Wakasukuma baiskeli hadi kwenye gofu la nyumba ya Bi Khole.

Kilichobaki ni kuta kubwa. Bi Khole aliijenga nyumba hii iwe ya kwake ya mapumziko, mbali na mji. Alipenda kuwinda, alipenda vitu vizuri, na nyumba yake ilikuwa na bustani ya maua na chemchemi za kuchezesha maji, na hamamu ya Kiajemi ya kuoga na kupumzika akitoka mawindoni. Mahamamu ya namna hiyo yalikuwa fasheni ya ukoo ule. Lile la Kidichi, ambalo watalii wengi wanapelekwa kwenye safari za viungo, Seyyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi mwaka 1850. Nyumba ya Bungi iliendelea kutumika hadi miaka ya 1920, kisha ikaachwa. Mizizi ikaingia kwenye mawe.

Fundi akazunguka kuta zile kwa macho ya kazi yake. "Maji ya kuoga yalikuwa yanatoka wapi?" akauliza. "Na ya kuyapasha moto, kuni anakata nani?"

Kila mtu alilijua jibu.

Zipo pia hadithi za kutisha kuhusu nyumba hii, kama zilivyo kwenye kila gofu la mabwana Unguja. Dereva mstaafu alikuwa nazo kadhaa, na alizisimulia kwa sauti ya chini huku kijana wa makava akitazama nyuma. Hizo hazina ushahidi. Ila hata ukiziweka pembeni zote, ukabaki na yale yaliyothibitika, mambo hayawi mepesi.

Watu tu

Mashamba ya Unguja ya karne ya 19 yaliendeshwa na watumwa. Salme mwenyewe ameandika kwamba baba yake alikuwa na mashamba 45. Karafuu ilihitaji mikono ya kupanda, ya kupalilia, ya kupanda juu kuchuma, ya kuchambua na ya kuanika. Mikono hiyo ilitoka bara. Watu walikamatwa Nyasa, Uyao, Umanyema, Uzigua na kwingineko, wakatembezwa hadi pwani, wakavushwa kwa majahazi. Waliofika wakiwa hai waliuzwa mjini, kwenye soko ambalo lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa kuu la Kianglikana lililopo hadi leo Mkunazini.

Wapo wanaosema miembe ya Bungi huenda ni ya zamani kuliko Bi Khole mwenyewe, kwamba aliikuta. Inawezekana. Lakini iwe ilipandwa kwa amri yake au kwa amri ya aliyemtangulia, mwembe haujipangi mstarini. Mbegu inaota popote inapotupwa, ndiyo, ila safu mbili zilizonyooka pande mbili za njia ni kazi. Mtu alipima. Mtu alichimba shimo, kisha lingine, kisha lingine. Mche wa mwembe unataka maji wakati wa kiangazi, unataka ua wa miba ili mbuzi wasiutafune, na kutoka mbegu hadi embe la kwanza inapita miaka mitano hadi minane. Hadi kivuli cha miti ya huku kukutana na cha kule, inapita miaka mingi zaidi. Aliyemwagilia ile michipukizi kuna uwezekano mkubwa hakuwahi kupumzika chini yake.

Bungi si peke yake. Bagamoyo kuna njia ya miembe inayoingia misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambapo watumwa waliokombolewa walijengewa kijiji. Tabora na Ujiji kuna miembe mikubwa mikubwa, na wazee wa huko wanasema ndiyo alama ya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, ile njia ya kama kilometa 1,200 kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika, ambayo tangu mwaka 2006 Tanzania imeiweka kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia wa UNESCO. Embe asili yake ni Bara Hindi. Ukiliona limejipanga Afrika Mashariki, mara nyingi kuna msafara, shamba au misheni nyuma yake, na kuna wabebaji.

Majina yao ndiyo kazi. Mtumwa akifika alipewa jina jipya, Mabruki, Feruzi, Faraji, Baraka, na lile alilopewa na mama yake likabaki alikotoka. Watoto wake wakaitwa wazalia. Mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba, lakini uhuru haukumfuata mtu nyumbani: aliyeutaka alipaswa kwenda kuudai mbele ya mahakama, na fidia alilipwa bwana. Masuria wao waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Na baada ya hapo ikaanza kazi nyingine, ya kimya kimya, ambayo watu waliifanya wenyewe: kusahau. Wengi waliacha kujitaja kwa kabila la bara walikotolewa wazee wao. Wakajiita Waswahili, kisha Wahadimu, kisha Washirazi. Nani angewalaumu? Asili ya utumwa ilikuwa doa. Aliyeweza kulifua alilifua.

Aliyebadilisha jina akalitangaza

Yupo mmoja lakini ambaye hakuzama. Ukisimama ufukweni Bungi, ng'ambo ya ghuba ya Menai kuna rasi ya Fumba. Huko, kiasi cha mwaka 1880, wazazi wenye asili ya utumwa walimpata mtoto wa kike, akaitwa Mtumwa. Hilo ndilo lilikuwa jina lake: Mtumwa binti Saad. Alikulia kwenye umasikini, akifanya kazi ya vyungu na kwenda kuvinadi mjini, na watu wakaanza kuisikia sauti yake kabla ya kuviona vyungu vyenyewe.

Alihamia mjini, akajifunza muziki, akaanza kuitwa kwenye shughuli za wakubwa. Huko ndiko alikopata jina la Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo, na taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu kwenye majumba ya mabwana ikasikika kwa Kiswahili kwenye gramafoni za mitaani. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na leo kila anayeimba taarabu anamtaja.

Muuguzi ndiye aliyemleta Siti kwenye mazungumzo, wakiwa wamekaa kwenye mawe ya gofu wanakula maembe ya bibi. Akasema: Siti alitoka kwenye jina la Mtumwa mpaka akawa Siti kwa sababu alikuwa na sauti ile. Wasiokuwa na sauti walifanya nini?

Akanyamaza kidogo, halafu akasema ambalo wenzake hawakuwahi kulisikia kwake.

Kufu

Kwao, alisema, tangu akiwa mdogo jibu ni moja: "Sisi watu wa hapa hapa." Ukiuliza hapa wapi, unaambiwa kusini. Ukiuliza babu wa bibi alikuwa nani, mazungumzo yanahama. Alidhani ni kawaida ya wazee. Mpaka alipochumbiwa. Posa ilishapokelewa, mahari yalishatajwa, ndipo shangazi mmoja wa upande wa mume akaanza kuuliza uliza mitaani, na neno likarudi: si kufu yetu, babu yao alikuja na jahazi. Posa ikavunjika. Hakuna aliyemwambia sababu usoni. Aliambiwa tu kijana bado hajajipanga.

"Sasa nikampeleka nani mahakamani?" akasema. "Kosa la kwamba mtu alikamatwa porini miaka mia na hamsini iliyopita akaletwa hapa kuchimba mashimo?"

Kijana wa makava, kwa nia njema kabisa, akasema, "Lakini dada, hayo si mambo ya zamani."

"Ya zamani kwa ambaye hajawahi kuulizwa."

Hakuna aliyeongeza neno. Dereva mstaafu, mkubwa wao, akakata embe lake vipande viwili, akampa kimoja.

Jambo hili si la muuguzi peke yake. Visiwani na pwani yote, kutoka Lamu hadi Kilwa, wapo watu wanaobeba swali hilohilo bila kulitaja. Vijana wa siku hizi wanaoana bila kujali sana, ni kweli. Lakini siku ya posa, au siku ya kugombania shamba la urithi, au siku ya matusi, ndipo linapotolewa kabatini. Na dawa ya kulificha imekuwa na gharama yake: ukizika aibu ya babu, unamzika na babu mwenyewe. Jina la Bi Khole lipo kwenye midomo ya kila kondakta anayepita Bungi. Waliochimba mashimo wamebaki "watu tu", na waliowafanya wabaki hivyo si mabwana pekee, ni vitukuu vyao pia, waliotaka kuishi kwa amani.

Kurudi

Saa tano jua lilikuwa limeshakaza. Wakarudi barabarani, wakamrudishia bibi bakuli lake, wakanunua mafungu mengine mawili. Mwalimu akawaomba wapite miembe mara moja zaidi, toka mwanzo hadi mwisho, taratibu, wakihesabu. Kila mtu akapata idadi yake. Kuna visiki vya kubishania, kuna mapengo ambapo mti ulianguka, kuna miche midogo ambayo huenda imejiotea. Barabara za Unguja zinapanuliwa mwaka hadi mwaka, magari yanaongezeka, na mti wa zaidi ya karne hauna haraka ya kuota upya. Fundi alisema hata wakiweka kibao cha chuma pale, kingepaswa kuwa na maneno mawili: jina la mwenye nyumba, na mstari mtupu chini yake.

Kwa anayetaka kwenda: ondokeni mapema, kabla ya malori. Bebeni tyubu ya akiba, maana kijana wa makava alipata pancha ya pili Tunguu na hapo fundi akagoma, ikabidi baiskeli ipande juu ya daladala. Tembeeni kwa mstari mmoja chini ya miembe, madereva wanaingia kivulini wakitoka kwenye jua kali na hawaoni vizuri. Na msiparamie kuta za gofu.

Jumatatu mwalimu alirudi darasani, akamtafuta yule mtoto aliyeuliza. Akamjibu: hapana, hakuipanda mwenyewe, ilipandwa na watu waliokuwa watumwa, na majina yao hatunayo. Kisha akalipa darasa zima kazi ya nyumbani: kila mmoja akaulize majina ya wazee wake, kwa baba na kwa mama, mpaka pale yanapokatika, na aandike yanakatikia kwa nani. Daftari zilipokuja, nyingi zilikatikia kwenye jina la tatu au la nne. Mzazi mmoja alifika shuleni kulalamika kwamba watoto wanafundishwa kuchokonoa. Mwalimu alimkaribisha kiti, wakazungumza karibu saa nzima, na mzazi akaondoka bila kusema kama ameridhika.

Muuguzi naye, usiku uleule wa Jumapili, miguu ikimuuma, alimpigia simu mama yake mkubwa anayeishi shamba. Akauliza moja kwa moja, babu wa bibi alikuwa anaitwa nani. Upande wa pili kukawa kimya mpaka akadhani laini imekatika.

"Nani kakutuma?" mama mkubwa akauliza.

"Hajanituma mtu, mama. Nataka kumjua tu."

Mama mkubwa akashusha pumzi. Akamtajia majina mawili: lile aliloitwa shambani, na lile alilokuja nalo. Muuguzi aliyaandika yote mawili kwenye simu yake, akasoma kwa sauti kuhakikisha ameyapata sawa, na mama mkubwa akamsahihisha herufi moja.